Somo la Kilimo: Nyigu Mdogo, Mlinzi wa Muhogo



Leo tutasoma habari za mdudu mmoja mdogo sana. Hamwumi mtu. Hali mahindi wala muhogo. Watu wengi hawajapata kumwona, ingawa huenda yumo shambani mwao siku zote.

Mdudu huyo ni nyigu. Lakini si yule nyigu anayejenga kiota chini ya paa na kutuuma tukimchokoza. Nyigu wa somo letu ana urefu wa milimita 1 au 2 tu, kama punje ya ulezi. Kazi yake ni kumwua mdudu mwingine anayeitwa kidung'ata wa muhogo. Akiwapo yeye, muhogo hupona. Akiondoka, kidung'ata hutawala shamba.

Kabla hatujaanza nitaeleza kwa nini nimeandika somo hili, maana ndani yake limo kosa langu mwenyewe.

KOSA LA MWALIMU

Kiangazi kimoja nilikuwa nafundisha darasa la wahitimu wa kisomo. Ubaoni niliandika sentensi hii: "Wadudu ni adui wa mkulima." Darasa zima likaisoma kwa sauti, kisha kila mtu akainakili katika daftari lake.

Wiki ile ile mkulima mmoja akaja darasani na kilele cha muhogo mkononi. Majani yake yalikuwa yamejikunja na kusongamana kama kabichi ndogo. Katikati kulikuwa na vitu vyeupe kama vumbi la unga. Akasema, "Mwalimu, adui uliyetuandikia ndiye huyu hapa. Shamba langu lote limekuwa hivi."

Wengine nao wakasema mashamba yao ya bondeni yameanza. Basi mzee mmoja akasimama. Yeye alikuwa na bomba la kunyunyizia dawa, na dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita. Akajitolea kupita katika mashamba yote kesho yake. Watu wakashukuru. Na mimi nikashukuru, tena nikasema huo ndio ushirikiano mwema.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja ambaye si msemaji sana. Akanyosha mkono. "Mwalimu, watoto wangu wanakula kisamvu cha shamba hilo hilo. Dawa ile ni ya pamba, na pamba hailiwi. Mkishapiga, nitawapa mboga gani?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba tungoje siku chache ili nimwulize bwana shamba. Mzee mwenye bomba hakupendezwa. Alisema, "Sisi tutangoja, mwalimu, lakini mdudu hangoji." Neno lake halikuwa la mzaha. Kwetu muhogo ndio ghala. Mvua zikikosa na mahindi yakikauka, mtu huenda kuchimba muhogo. Muhogo nao ukifa, hakuna kimbilio jingine. Usiku ule sikulala vizuri.

Siku ya tatu bwana shamba akaja. Hakuuliza habari za dawa. Alichuma kilele kimoja, akatoa kioo cha kukuzia, akatuita tuangalie mmoja mmoja. "Hawa weupe wako hai," alisema. "Hawa wa rangi ya kahawia wamekufa. Waguse, ni wagumu. Na huyu hapa, hebu tazama mgongoni mwake. Unaona tundu?"

Tukaliona tundu dogo la mviringo, kama limetobolewa kwa ncha ya sindano.

"Basi," akasema bwana shamba, "mlinzi wenu ameshaingia shambani. Mkipiga dawa, mtamwua yeye kwanza."

Huyo mlinzi ndiye tutakayejifunza habari zake sasa.

KIDUNG'ATA NI NANI?

Tumfahamu adui kwanza. Kidung'ata wa muhogo ni mdudu mdogo, laini, mwenye rangi ya waridi. Mwili wake umefunikwa na unga mweupe kama nta. Hukaa zaidi kwenye vilele na chini ya majani. Ana mdomo mfano wa mrija mwembamba. Huuchoma mmea na kufyonza utomvu wake.

Anapofyonza, huacha sumu ndani ya mmea. Sumu hiyo huzuia kilele kukua. Pingili huwa fupi fupi, majani hujikunja na kusongamana, baadaye hupukutika. Shina hubaki uchi kama mshumaa. Mmea usio na majani hautengenezi chakula, kwa hiyo mizizi chini haijai. Shamba likishambuliwa vibaya, mkulima anaweza kupoteza hata sehemu 80 katika kila sehemu 100 za mavuno yake. Hupoteza pia kisamvu, na hukosa miti mizuri ya kupanda msimu ujao.

Vidung'ata hawa wote ni majike. Hakuna dume. Jike hutaga bila kupandwa, na mayai yake hufika 400 au zaidi. Baada ya mwezi mmoja hivi wale watoto nao huwa wakubwa na kuanza kutaga.

Hebu tufanye hesabu. Kidung'ata mmoja akizaa 400, na wote wakapona, na kila mmoja akazaa 400, tutapata 400 mara 400. Jibu ni 160,000. Yote hayo ndani ya miezi miwili tu! Bila shaka wote hawaponi. Lakini hesabu hii inatuonyesha kwa nini shamba linaweza kuwa safi mwezi huu, na mwezi ujao likawa jeupe.

Kidung'ata hupenda kiangazi. Wakati wa mvua, matone humpiga na kumwangusha. Jua likiwaka kwa wiki nyingi, huongezeka.

ALITOKA WAPI?

Muhogo wenyewe si mmea wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16. Ulipokuja, maadui wake wengi walibaki kule kule. Kwa miaka mingi muhogo wa Afrika ulistawi bila kumjua kidung'ata.

Mwaka 1973 mdudu huyu alionekana Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alikuwa amevuka bahari, bila shaka kwa kufichama katika miti ya muhogo iliyoletwa na watu. Akaanza kuenea. Watoto wake ni wepesi mno, upepo huwachukua kutoka shamba hadi shamba. Tena sisi wenyewe tulimbeba kila tulipompa ndugu miti ya kupanda. Kwa wastani alisafiri kilomita 150 kila mwaka. Katika miaka ya 1980 alikuwa ameingia katika sehemu kubwa ya nchi za Afrika zinazolima muhogo, toka Senegali hadi Msumbiji. Tanzania alifika mwishoni mwa miaka hiyo, akiingilia upande wa kusini.

Wakati ule Waafrika wapatao milioni 200 walitegemea muhogo kwa chakula. Fikiri hatari iliyokuwapo.

KUMTAFUTA ADUI WA ADUI

Wataalamu walijiuliza: tufanye nini? Dawa za sumu zilikuwa ghali. Wakulima wa muhogo ni watu wa mashamba madogo. Na kama yule mama alivyosema, kisamvu huliwa.

Wakawaza hivi. Muhogo umetoka Amerika. Kidung'ata naye lazima ametoka Amerika. Lakini kule Amerika hatusikii kwamba anamaliza mashamba. Kwa nini? Lazima kule kuna kitu kinachompunguza. Tukikipata kitu hicho, tukilete Afrika.

Kazi hiyo iliongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, iliyopo Ibadan, Nigeria. Mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, Hans Herren, alijiunga nayo mwaka 1979 na kuusimamia mpango huo. Walitafuta toka Meksiko hadi kaskazini ya Amerika ya Kusini. Wakapata kidung'ata anayefanana na yule wa Afrika, wakafurahi. Kumbe siye! Yule alikuwa na madume na majike, na wa Afrika ni majike matupu. Maadui wake hawakufaa.

Hatimaye, mwaka 1981, Anthony Bellotti, mtaalamu wa kituo cha CIAT cha Kolombia, alimwona kidung'ata mwenyewe nchini Paraguay. Kumpata kulikuwa kazi, maana kule ni wachache sana. Na sababu ya kuwa wachache ndiyo ile iliyokuwa inatafutwa. Kulikuwa na wadudu wanaowala, na miongoni mwao alikuwamo nyigu wetu mdogo. Wataalamu humwita kwa jina la Anagyrus lopezi.

Nyigu hao hawakuletwa Afrika moja kwa moja. Walipelekwa kwanza Uingereza, wakafungiwa na kuchunguzwa. Ilitakiwa kuhakikisha kwamba hawana ugonjwa, na kwamba hawakubeba mdudu mwingine wa hatari. Ni kama tunavyomtenga mbuzi mgeni kabla ya kumchanganya na kundi. Hapo ndipo walipopelekwa Nigeria. Mwishoni mwa mwaka 1981 waliachiwa mara ya kwanza katika mashamba ya Ibadan.

JINSI NYIGU ANAVYOFANYA KAZI

Sasa tuangalie kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, nyigu jike huruka akitafuta. Muhogo ulioshambuliwa hutoa harufu yake, nasi hatuisikii. Yeye huisikia na kuifuata.

Pili, akifika humgusagusa kidung'ata kwa vipapasio vyake, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Anampima kama anafaa.

Tatu, anamchoma kwa mrija wake wa kutagia na kuweka yai moja ndani ya mwili wake. Kisha anakwenda kwa mwingine. Vidung'ata wengine, hasa wadogo, hawatagii, bali huwatoboa na kunywa maji ya mwili wao. Hao nao hufa.

Nne, yai huanguliwa ndani ya kidung'ata. Hutoka buu dogo. Buu hilo humla kidung'ata kutoka ndani, polepole, mpaka likabaki ganda lake tu. Ganda hilo huvimba, hukauka, na kuwa gumu la rangi ya kahawia. Hilo ndilo bwana shamba alilotuambia tuliguse.

Tano, ndani ya ganda buu hugeuka kuwa nyigu kamili. Nyigu hutafuna tundu la mviringo, hutoka, na huruka zake kutafuta vidung'ata wengine.

Toka yai hadi nyigu kamili huchukua wiki mbili hadi tatu. Kumbuka kwamba kidung'ata anahitaji mwezi mzima hivi. Kwa hiyo nyigu ni mwepesi kumzidi. Tena vidung'ata wakiwa wengi, nyigu hupata pa kutagia na huongezeka. Vidung'ata wakipungua, nyigu nao hupungua, lakini hawaishi kabisa. Hubaki wachache wakilinda.

Watu wengine huuliza: je, akimaliza vidung'ata hatageukia mazao yetu? La. Nyigu huyu hana meno ya kula majani wala nafaka. Buu lake haliwezi kukua ndani ya muhogo, mahindi au maharage. Na mrija wake hautoboi ngozi ya mtu.

MATOKEO YAKE

Nyigu walienea upesi. Waliruka wenyewe, na watu waliwasaidia. Walizalishwa kwa wingi, wakapelekwa nchi nyingine, na mahali pengine waliachiwa kutoka kwenye ndege. Tanzania nayo waliachiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka kumi baada ya ile siku ya Ibadan, nyigu alikuwa amekaa kama mwenyeji katika nchi zaidi ya 20 za Afrika.

Vidung'ata walipungua. Vilele vilivyokuwa na zaidi ya mdudu 100 vikawa na kumi hivi au pungufu. Katika kila mashamba 100, karibu 95 yalipata nafuu ya kutosha. Mkulima hakununua kitu. Wengi hawakujua hata nini kimetokea. Waliona tu muhogo umerudi.

Mwaka 1988 mchumi mmoja alipiga hesabu ya gharama na faida. Aliona kwamba kila dola 1 iliyotumika katika kazi hii ilileta faida ya dola 149 hivi. Mwaka 1995 Hans Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo.

Baadaye kidung'ata alivuka tena bahari. Mwaka 2008 alionekana Thailand, nchi inayouza muhogo mwingi nje. Safari hii Afrika ndiyo iliyotoa msaada. Mwaka 2009 nyigu walichukuliwa kutoka kituo cha IITA kilichopo Benin, wakapelekwa Thailand, na mwaka 2010 wakaachiwa katika mashamba ya kule.

DAWA INAVYOWEZA KUONGEZA WADUDU

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Soma polepole.

Kule Nigeria wataalamu walifanya majaribio. Walitaka kujua kama kweli nyigu ndiye anayepunguza vidung'ata, au ni mvua tu. Walifunika vilele vingine kwa mifuko ya kitambaa ili nyigu wasiingie, vingine wakaacha wazi. Ndani ya mifuko iliyofungwa vidung'ata walizidi.

Kisha wakachukua shamba. Sehemu moja wakanyunyizia dawa ya wadudu, sehemu nyingine wakaiacha. Ungedhani sehemu yenye dawa ndiyo ingekuwa safi. Ikawa kinyume. Sehemu iliyonyunyizwa ilijaa vidung'ata kuliko ile isiyonyunyizwa!

Sababu yake si ngumu. Kidung'ata amejifunika nta, tena amejificha ndani ya majani yaliyojikunja. Dawa haimfikii vizuri. Nyigu hana nta. Anaruka na kutembea juu ya majani mchana kutwa. Dawa humpata upesi naye hufa. Askari akifa, mwizi aliyejificha hutoka na kuzaa bila hofu.

Kwa hiyo mtu anaweza kutumia fedha na nguvu zake, akatia sumu katika kisamvu cha watoto, na mwisho akawa amemsaidia adui.

KWA NINI MASHAMBA MENGINE HAYAPONI?

Tumesema mashamba 95 katika 100 yalipata nafuu. Je, yale mengine? Mengi yalikuwa ya mchanga mtupu, udongo uliochoka.

Udongo ukichoka, muhogo hudhoofu. Muhogo ukidhoofu, vidung'ata wanaoufyonza huwa wadogo. Nyigu jike anapopima kidung'ata mdogo, huweka yai la dume. Kwa kidung'ata mkubwa ndipo huweka yai la jike. Dume hatagi mayai wala haui kidung'ata. Basi katika shamba lililochoka huzaliwa madume mengi na majike machache, na kazi hailingani na adui.

Kumbe basi, kuweka samadi na matandazo si kulisha muhogo peke yake. Ni kumsaidia mlinzi azae majike.

Kuna jambo jingine, nalo ni sisimizi. Vidung'ata hutoa majimaji matamu, na sisimizi huyapenda. Kwa ajili ya utamu huo huwafukuza nyigu. Ukiona sisimizi wengi wanapanda vilele vya muhogo, chunguza, huenda kuna vidung'ata.

JARIBIO LA CHUPA

Usikubali maneno haya kwa sababu yameandikwa gazetini. Jaribu mwenyewe, peke yako au na kikundi chako cha kusoma.

1. Chuma vilele vitatu au vinne vya muhogo vyenye vidung'ata.
2. Viangalie kwa makini. Hesabu weupe walio laini, na wa kahawia walio wagumu.
3. Tia vilele ndani ya chupa pana iliyo safi na kavu.
4. Funika mdomo kwa kitambaa chepesi kisicho na matundu, ufunge kwa kamba. Usitumie kifuniko cha bati. Nyigu anahitaji hewa.
5. Weka chupa kivulini, mahali ambapo watoto hawafiki.
6. Angalia kila asubuhi kwa siku 14. Andika katika daftari tarehe na ulichokiona.

Ukiona vidudu vidogo vyeusi vyenye mabawa vinapanda kuelekea kwenye mwanga, huenda ndio hao nyigu. Wapeleke shambani jioni, fungua kitambaa, waende kazini. Lakini usiwapeleke katika shamba la mbali lisilo na vidung'ata, maana katika majani yale mna vidung'ata hai pia.

YATUPASAYO KUFANYA

Panda miti safi. Kata miti kutoka shamba lisilo na vidung'ata, na ichunguze kabla ya kuifunga mzigo. Ukipewa miti na mgeni, ichunguze vile vile.

Panda mvua zinapoanza. Muhogo uliokwisha kupata nguvu huvumilia kiangazi kuliko ule mchanga.

Tia samadi na matandazo, hasa katika udongo wa mchanga.

Usinyunyizie muhogo dawa ya pamba, ya korosho, au dawa yoyote ambayo hukushauriwa na mtaalamu.

Chunguza kwanza. Tafuta maganda ya kahawia yenye tundu. Ukiyaona, mlinzi yupo. Ukikosa kabisa, na weupe wanazidi kila wiki, usikae kimya. Mwite bwana shamba.

Tena tukumbuke: nyigu huyu anashughulika na kidung'ata tu. Hawezi kuondoa batobato, wala michirizi ya kahawia, wala utitiri. Hayo yana masomo yake.

MWISHO WA HABARI YETU

Mtauliza, je, darasa langu lilifanyaje? Tuliweka chupa juu ya meza ya mwalimu. Siku ya sita asubuhi yule mama ndiye aliyeona kwanza. Alikuja mapema kufagia darasa, akawakuta nyigu watano wanatembea chini ya kitambaa. Aliwaita majirani kabla hajaniita mimi.

Mzee mwenye bomba alitazama chupa kwa muda mrefu. Akasema, "Basi nitalihifadhi bomba kwa ajili ya pamba." Shamba lake lilikuwa juu, kwenye mchanga, na lake ndilo lililochelewa kupona. Mashamba ya bondeni yalichipua vizuri mvua ziliponyesha, lakini lake lilibaki na vilele vilivyosongamana. Hakulaumu mtu. Msimu uliofuata alibeba samadi ya mbuzi kwa baiskeli, debe baada ya debe, na mwaka huo alivuna.

Mimi nilirudi ubaoni. Nikaandika upya: "Wadudu wengine ni adui wa mkulima. Wengine ni rafiki zake. Mwangalie kwanza." Wanafunzi wakafuta sentensi ya zamani katika madaftari yao. Mama yule hakuifuta. Aliniambia ameiacha ili wajukuu wake waone kwamba hata mwalimu hujifunza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Buu: mtoto wa mdudu kabla hajawa na mabawa.
Matandazo: nyasi au majani yanayotandikwa juu ya udongo ili kutunza unyevu.
Pingili: kipande cha shina kati ya kifundo na kifundo.
Utomvu: maji ya mmea yanayobeba chakula chake.
Vipapasio: nyuzi mbili za kichwani mwa mdudu anazotumia kugusia na kunusia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja dalili tatu za muhogo ulioshambuliwa na kidung'ata.
2. Kwa nini wataalamu walikwenda Amerika kumtafuta adui wa kidung'ata?
3. Eleza kwa maneno yako jinsi nyigu anavyomwua kidung'ata.
4. Kwa nini dawa inaweza kuongeza vidung'ata badala ya kuwapunguza?
5. Samadi inamsaidiaje nyigu?
6. Hesabu: kilele kimoja kina vidung'ata 60. Kati yao 45 ni maganda ya kahawia. Ni wangapi waliobaki weupe? Je, ungepiga dawa shamba hilo? Toa sababu.
7. Kazi ya kikundi: nendeni katika shamba moja la muhogo. Chunguzeni mimea 10. Andikeni mlichokiona, mkisome mbele ya darasa.